TAHADHARI: Huyu anayebadilisha manyoya ya brashi za kunyolea, msimpe brashi zenu

Jamani mlioko Uingereza mnaonyoa ndevu kwa brashi na sabuni: kuna mtu anajitangaza kwenye magrupu yetu ya WhatsApp kwamba anarudishia uhai brashi kuukuu za manyoya ya baja, yule mnyama wa ukoo wa nyegere. Msimpe hata shilingi. Nina hasira na nina aibu, na nitaisema yote.

Mimi nina brashi kuukuu ya baja yenye mpini wa pembe. Mpini bado mzima, manyoya ndiyo yaliyokwisha. Brashi mpya hudondosha unywele mmoja mmoja wiki za mwanzo, si neno. Hii ilikuwa inaniachia nywele usoni kila nikinyoa, nyingine zimekatika, na katikati pametoboka shimo. Ikifika hapo imekufa. Fundi hulitoa fungu la manyoya la zamani, husafisha tundu la mpini, kisha hugundisha fungu jipya. Ni kazi halali, na wapo wanaoifanya vizuri.

Nikampigia. Alipokea kwa salamu ndefu, akaulizia watoto, akampelekea mama yangu pole kwa msiba uliotupata. Akaniambia, “Kaka, chukua rula, nipimie upana wa tundu.” Nikapima: milimita 24. Akaniuliza nataka manyoya ya daraja gani, akaeleza bila kusita. Silvatipu ndiyo ya juu, ncha nyeupe kwa asili, mkanda mweusi katikati, laini, inabeba maji mengi. Daraja la chini ni la kijivu na linakwaruza. Akasema manyoya mengi hutoka China, kwa sababu hapa Uingereza baja analindwa kwa sheria ya 1992. Yote kweli! Mtu anayejua kazi hivyo, tena anaongea Kiswahili cha kwetu, ungemshuku kwa lipi? Nikamtumia pauni 70 kwenye akaunti yake binafsi, na brashi nikaiposti.

Ikarudi inang’aa, ncha nyeupe, mkanda mweusi. Nikafurahi kweli, nikamwita mke wangu aione. Nikailoweka kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu. Kurudi, maji yamekuwa kama chai ya rangi, na bafu zima linanuka zizi. Nikajipa moyo kwamba upya ndio huo. Nikaipitisha shavuni, ikachoma kama ufagio. Ule mkanda mweusi ukaanza kufifia mbele ya macho yangu, nimesimama na povu nusu uso. Ulikuwa umepakwa rangi!

Nikampelekea kinyozi ninayemwamini. Akashika unywele mmoja tu: mnene, mgumu, ncha imepasuka. Nguruwe. Mimi nguruwe si shida yangu, na Waitaliano wanatengeneza brashi nzuri za nguruwe wakiziuza kwa jina lake na kwa bei yake. Lakini kwenye magrupu yale kuna Waislamu waliompa brashi zao. Anawapaka watu nguruwe usoni bila kuwaambia! Huyo si wa kusamehewa. Atajwe mbele ya jumuiya nzima, arudishe fedha za kila mtu, na asikanyage tena shughuli zetu.

Wala msiseme ni manyoya tu. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokatiza biashara ya manyoya ya baja, wafanyabiashara waliuza nywele za farasi zilizoigizwa kuwa baja, hazikusafishwa sawasawa, na askari wakapata kimeta nyusoni. Mwaka 1920 Uingereza ikapiga marufuku brashi za kunyolea kutoka Japani. Hizi za huyu bwana zimesafishwa wapi?

Nilipomlalamikia alijibu, “Zitalainika, kaka.” Kisha akaniblock.

Dalili zilikuwepo. Hataki kadi, anataka benki moja kwa moja. Picha zake zote ni za brashi kavu. Silvatipu ya kweli pamoja na kazi kwa pauni 70, sijui kama inawezekana. Ukipokea, iloweke kwanza kwenye maji meupe, maji yakibadilika rangi usiitie usoni. Kuchoma unywele kunakamata plastiki tu. Nguruwe na baja wote wananuka nywele na kuwa majivu.

Sheria ya haki za mlaji ya 2015 inataka bidhaa ilingane na maelezo ya muuzaji, na una siku 30 za kuikataa. Nimempelekea madai kwa maandishi na nimemripoti Trading Standards, idara ya serikali za mitaa inayofuatilia wafanyabiashara wadanganyifu, kupitia Citizens Advice, shirika linaloshauri raia bure. Waliompa brashi niandikieni faragha, leteni risiti za benki na picha, tuyapeleke malalamiko pamoja. Na kama brashi yako bado iko kwake, idai leo.