encode ya Python 2 na encode ya Python 3: uhuru au mpaka?

Katika Python 2, toleo la zamani la lugha ya programu Python, encode (amri ya kusimba, yaani kugeuza data kuwa umbo jingine) ilikuwa mlango usio na bawabu. Ukiandika 'Zanzibar'.encode('hex') unapata '5a616e7a69626172', yaani herufi zilezile kwa tarakimu za msingi wa 16. Ukitaja 'zlib' unapata data iliyobanwa. Kitakachorudi kilitegemea jina la kodeki (kanuni ya kusimba na kusimbua) tu. Ni raha, nakiri, hasa unapojaribu jambo la haraka.

Karaha huanza na herufi zenye alama. Mfuatano wa herufi (string) wa kawaida wa Python 2 ulikuwa baiti, yaani namba ghafi za kompyuta, si matini. Kwa hiyo 'é'.encode('utf-8') ililazimika kwanza kuzisimbua baiti hizo, yaani kuzigeuza kuwa matini, kimyakimya kwa ASCII isiyojua herufi zenye alama, ikashindwa, ikatoa UnicodeDecodeError, kosa la kusimbua. Umeomba kusimba, unalaumiwa kwa kusimbua! Wengi wetu tulipoteza usiku mzima hapo.

Python 3, iliyotoka Desemba 2008, iliweka mpaka: encode ya str (matini) hurudisha bytes (baiti) peke yake, na decode ya bytes hurudisha str. Basi. Msomaji wa msimbo, hata programu ya kukagua aina, anajua kitakachorudi bila kubahatisha. Ukiomba 'hex' leo unapata LookupError, na tangu toleo la 3.4 ujumbe wake unakuelekeza utumie codecs.encode().

Hapo ndipo gharama ilipo: kuagiza moduli ya codecs kwa ajili ya rot13 (msimbo unaosogeza kila herufi hatua 13) tu kunachosha kidogo. Kwa hex kuna njia fupi tangu 3.5, b'Zanzibar'.hex(). Mimi nachagua mpaka. Rot13 siihitaji hata mara moja kwa mwaka.