Mandolini ya "Mjerumani" niliyonunua Mwanza: uzoefu wangu wa miezi minane

Nilinunua mandolini yangu, chombo cha nyuzi kinachofanana na gitaa dogo, katika duka moja la vyombo vya muziki hapa Mwanza mjini, si mbali na Makoroboi. Duka silitaji, maana kijana aliyeniuzia naamini alisema alichoambiwa na aliyemletea mzigo. Bei ilianzia shilingi 230,000, tukavutana mpaka 180,000 pamoja na begi la kitambaa. Nilipouliza imetengenezwa wapi, akanigeuzia kichwa cha shingo nisome jina mwenyewe. "Hii Mjerumani, kaka. Mchina hana sauti hii." Jina kweli lilisomeka Kijerumani, limeandikwa kwa herufi za dhahabu zenye mikia. Nikalipa.

Tangu siku hiyo watu wa kwaya yetu na kwaya za jirani wamekuwa wakiniuliza kama nao wanunue kama hiyo. Nimechoka kujibu kwa vipande vipande kwenye simu, kwa hiyo naweka yote hapa.

Mimi napiga gitaa la solo kwenye kwaya huko Nyakato. Mandolini niliisikia kwa mara ya kwanza utotoni, kwa mzee mmoja jirani yetu Kirumba, mtu wa Pangani aliyehamia huku kikazi. Jioni alikaa barazani akipiga taarabu, na ule mtetemo wa nyuzi mbilimbili ulivuka uchochoro ukafika mpaka jikoni kwa mama. Mzee alishafariki, na chombo chake sijui kilikwenda wapi. Kwa hiyo nilipoona mandolini imening'inia ukutani dukani, sikuwa mnunuzi mwenye utulivu. Nakiri hilo.

Kwa wasioifahamu: mandolini ina nyuzi nane zilizopangwa kwa jozi nne, na kila jozi hulizwa sauti moja. Kutoka sauti ya chini kwenda ya juu, noti zake ni G, D, A, E, sawasawa na vayolini. Mpiga vayolini akiishika, vidole vyake vinajua njia. Sisi wa gitaa tunaanza upya.

Wiki ya kwanza ilikuwa mateso. Nyuzi zilikaa juu mno. Kwenye freti ya 12 (freti ni vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo) nilipima karibu milimita 4 kati ya uzi na freti, wakati inatakiwa iwe 2 au pungufu. Vidole vilivimba. Mbaya zaidi, ukipiga jozi tupu zinapatana vizuri, ukipanda juu ya freti ya 7 kila kitu kinakwenda kombo. Nilidhani masikio yangu yamechoka. Mwalimu wetu wa kwaya alikuja akasikiliza, akaniambia taratibu, "Mwanangu, hiki chombo kinadanganya."

Basi nikamtumia binamu yangu wa Bukoba picha, kwa sababu yeye alishanunua mandolini mwaka jana. Akanirudishia picha ya kwake. Jina la kwake lilikuwa la Kiitaliano, rangi ya kahawia wakati yangu ni nyekundu inayofifia kuelekea katikati. Lakini tulipoanza kulinganisha, tukanyamaza wote. Kifuniko cha bati kinachoshika mikia ya nyuzi kilikuwa na mchoro uleule. Mashine za kukazia nyuzi zilikuwa zilezile, nne kwenye bati moja. Na vile vidoti vyeupe vya shingoni: mandolini nyingi huwa na kidoti kwenye freti ya 10, magitaa kwenye ya 9. Zetu zote mbili zilikuwa na kidoti kwenye ya 9. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa aliyezitengeneza amezoea kutengeneza magitaa, na kwamba "Mjerumani" wangu na "Mtaliano" wa Bukoba wametoka mlango mmoja.

Nikamulika ndani kwa tochi ya simu kupitia tundu la sauti. Lebo ya karatasi yenye jina la dhahabu ilikuwa imeachia kona moja. Nikaisukuma kwa kijiti cha meno. Chini yake palikuwa na karatasi nyingine, nyembamba, yenye namba ya mhuri na maneno yaleyale tunayoyaona chini ya sahani na nyuma ya redio, kwamba imetengenezwa China.

Nilikasirika siku mbili. Baadaye nikaanza kusoma, na nilichokisoma kimebadilisha namna ninavyokitazama chombo hiki, ndiyo maana nitakaa hapa kidogo.

Biashara ya mandolini zenye jina la mwingine haikuanzia China. Ujerumani yenyewe ilikuwa bingwa wa kazi hiyo. Kuna mji mdogo unaitwa Markneukirchen, huko Saksonia. Katika karne ya 19 karibu kila nyumba ilikuwa karakana: familia hii inachonga shingo tu, ile inaunganisha miili, nyingine inapaka vanishi. Wafanyabiashara walikusanya vipande, wakakamilisha vyombo na kuvisafirisha duniani kote vikiwa na jina lolote alilolitaka mnunuzi. Vayolini ngapi zilizobandikwa ndani jina la Stradivarius, yule fundi maarufu wa Cremona, Italia, zilitoka humo, wala hazikuwahi kufika Cremona! Biashara na Marekani ilikuwa kubwa kiasi kwamba Wamarekani walifungua ubalozi mdogo katika mji huo mwaka 1893. Waitaliano nao hawakuwa mbali: Catania, kisiwani Sicilia, ilimwaga mandolini za bei ndogo kwenye masoko ya ng'ambo, hali mandolini za kifahari zikitoka Napoli.

Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ndiyo iliyolazimisha bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka. Kabla ya hapo chombo kingeweza kuuzwa bila kusema chochote kuhusu asili yake. Ukiniuliza mimi, karatasi ile nyembamba iliyofichwa chini ya lebo yangu ni mjukuu wa sheria za namna hiyo: ipo kwa sababu forodhani inatakiwa, ikifunikwa kwa sababu dukani haitakiwi.

Wamarekani nao wakafuata. Orville Gibson wa Kalamazoo, Michigan, aliachana na mgongo wa mviringo kama boga wa mandolini za Kitaliano, akachonga uso na mgongo kama vayolini. Kampuni yenye jina lake ikaundwa mwaka 1902. Zile zilikuwa ghali. Mwananchi wa kawaida alinunua kwa katalogi ya Sears, kampuni kubwa ya Kimarekani iliyouza bidhaa kwa posta, mandolini yenye jina la Supertone, na nyingi ya hizo zilitengenezwa na kiwanda cha Harmony cha Chicago, ambacho Sears walikinunua mwaka 1916. Harmony hao hao walitengeneza na kwa majina ya maduka mengine. Kisha kazi ikahama kufuata mishahara midogo: Japani, halafu Korea Kusini kwenye viwanda kama Samick, halafu China na Indonesia. Kuna chapa maarufu ya mandolini inaitwa Kentucky, ya kampuni ya Kimarekani ya Saga. Ilianzia kutengenezwa Japani, ikaenda Korea, sasa China. Na si mbaya hata kidogo, wapigaji wengi wanaoanza wanaisifu.

Sisi Mwanza jambo hili lisitushangaze. Lile jiwe majini pale Kamanga tunaliita la Bismarck, na picha yake iko kwenye kila kadi ya posta ya mji. Jina ni la chansela wa Ujerumani. Jiwe ni la hapa, lilikuwepo kabla Mjerumani hajajua kuna ziwa.

Leo mtu yeyote mwenye mtaji anaweza kuwa na chapa yake. Viwanda vya China vinatangaza wazi kwenye tovuti za jumla: chagua umbo, chagua rangi, tutumie nembo yako, toa oda isiyopungua idadi fulani. Kaunti ya Zheng'an, mkoa wa Guizhou, ilikuwa sehemu ya wakulima ambao vijana wao walikwenda kufanya kazi kwenye viwanda vya magitaa huko Guangdong. Waliporudi na ujuzi wakajenga viwanda nyumbani, na sasa ni moja ya sehemu kubwa za kutengeneza magitaa duniani, mengi yakiondoka na majina ya watu wengine. Kwa hiyo kilichokuwa mkononi mwangu ni chombo chenye asili ya Kitaliano, umbo la Kimarekani, jina la Kijerumani na mikono ya Kichina, kimeshushwa Dar es Salaam na kufika hapa kwa lori.

Hasira yangu ilibaki kwenye jambo moja tu. Jasho la aliyechonga shingo ile lina thamani, na yeye hatajwi popote. Na muuzaji anapoambiwa amwambie mteja "Mjerumani", mteja anaacha kukagua chombo anaanza kukagua jina. Mimi nilifanya hivyohivyo. Kampuni ya Eastman ya Beijing, iliyoanza mwaka 1992, inauza mandolini za mbao nzima kwa jina lake yenyewe, na wapigaji wa Marekani na Ulaya wanazilipia fedha nzuri. Uchina si kasoro. Kasoro yangu ilikuwa plaiwudi, daraja na nyuzi.

Plaiwudi kwanza, maana hiyo haitibiki. Tazama ukingo wa tundu la sauti, lile lenye umbo la herufi f. Mbao nzima ina mistari inayoshuka moja kwa moja. Plaiwudi inaonyesha tabaka kama chapati za kukunja. Yangu ni tabaka tatu, zimekandamizwa kwenye mashine zikapata tumbo, hazikuchongwa. Sauti yake ni kali na inakatika haraka. Kwa 180,000 sikutarajia zaidi.

Daraja, yaani kile kipande kinachosimama juu ya tumbo la chombo na kubeba nyuzi, ndilo lililokuwa linadanganya. Daraja la mandolini halijagundishwa; linasimama kwa kubanwa na nyuzi tu, na mara nyingi chombo husafirishwa likiwa limelegezwa au kulazwa. Kijana wa dukani alilisimamisha kwa macho. Kanuni ni kwamba umbali kutoka kizingiti cha juu cha shingo (kile kipande chenye mifereji ya nyuzi karibu na kichwa) mpaka freti ya 12 ulingane na kutoka freti ya 12 mpaka daraja, kisha unalivuta nyuma kidogo sana mpaka sauti ikae. Kwangu nusu ya kwanza ilikuwa sentimita 17.6. Nusu ya pili ilikuwa fupi kwa karibu milimita 9! Nilisogeza daraja mwenyewe, nusu saa, bure, na ule ukombo wa sauti ukaisha. Nilikaribia kulia.

Yaliyobaki niliyapeleka kwa fundi wa magitaa Igoma. Hakuwahi kushika mandolini, ila ana mikono ya subira. Miguu ya daraja haikuwa imekaa vizuri kwenye tumbo la mandolini, ilikuwa inagusa ncha tu, kwa hiyo alitandika msasa juu ya tumbo, upande mkali ukitazama juu, akawa anasugua daraja mbele na nyuma mpaka nyayo zake zikachukua umbo la mahali zinaposimama. Mifereji ya kizingiti cha juu ilikuwa na kina kidogo mno. Hatukuwa na tupa nyembamba kiasi hicho, ndipo akavuka barabara kwa fundi wa kuchomelea akaazima zile sindano zenye meno za kusafishia ncha ya gesi. Zilifaa kabisa. Alinitoza 40,000.

Nyuzi za mandolini Mwanza sikuzipata. Nilinunua seti mbili za gitaa la umeme zinazoanzia namba 10 (namba ni ya unene wa uzi), shilingi 15,000 kila moja. Ukichukua za 10 kwa E, za 13 kwa A, za 26 kwa D na za 36 kwa G, unapata jozi zote nne, na zinabaki za 17 na 46 tu. Kile kigololi cha mwisho wa uzi unakibana kwa koleo kinapasuka, kinaacha kitanzi cha kuingiza kwenye ndoano. Vaa miwani. Na usizidishe unene, kwa sababu nyuzi nane zikikazwa zinavuta kwa jumla kilo 75 hivi, kama mfuko mmoja na nusu wa saruji umening'inia kwenye ubao wa plaiwudi.

Kwa hesabu yangu basi mandolini ya 180,000 imenigharimu 250,000, na sasa inapigika. Shingo haijapinda tangu nifanye kazi hiyo, hata msimu wa mvua. Mashine za nyuzi ni ngumu kuzungusha, nazitia tone la mafuta ya cherehani. Ukitaka kama hii, nenda na rula na tochi, pima kabla ya kulipa, na ukiambiwa nchi ilikotoka omba kuona lebo ya ndani. Ukiona ya bei nafuu zaidi yenye jina lingine, linganisha bati la mkia na vidoti kwanza; huenda ni hiyohiyo.

Jumapili iliyopita nimeipiga kanisani kwa mara ya kwanza, utangulizi wa wimbo mmoja tu. Freti ya 14 bado inakwaruza kwenye jozi ya D. Fundi amesema nimpelekee baada ya Krismasi.