Programu ya milisho kwa mkutubi wa shule: nilivyozipanga baada ya kuhama mara nne

Asubuhi nina dakika 20 kabla darasa la kwanza halijaingia kurudisha vitabu. Ndani ya dakika hizo natakiwa nijue vitabu gani vipya vya watoto vimetoka, tuzo gani imetangazwa, hifadhidata gani imebadilisha utaratibu wa kuingia, na wakutubi wenzangu wanabishana kuhusu nini. Kuzungukia tovuti moja moja siwezi. Baruapepe nayo ilishafurika zamani: jarida la mchapishaji limebanwa kati ya taarifa ya kikao na lalamiko la mzazi. Ndiyo maana natumia programu ya milisho, na hadi leo nimehama mara nne. Mpangilio huu umetokana na kuhamahama huko.

Kwa ambaye hajawahi kuitumia: mlisho ni faili dogo ambalo tovuti hulisasisha kila inapochapisha kitu. Ndani yake mna kichwa cha habari, tarehe, muhtasari au makala nzima, na kiungo. Mfumo unaojulikana zaidi ni RSS, ulioanza mwaka 1999. Nduguye, Atom, alipata kiwango rasmi mwaka 2005. Wewe huhitaji kujua zaidi ya hapo, kwa sababu programu nzuri zinasoma yote mawili bila kukuuliza. Programu inapita kwenye kila mlisho uliojiandikisha, inakuletea mapya mahali pamoja, basi. Mtandao wa kijamii unakuletea kinachochemsha watu. Mlisho unakuletea kilichochapishwa, hata kama waliokisoma ni sita.

Sasa vigezo. Watu wengi huanza na sura ya programu, au idadi ya vikorombwezo. Mimi naanza na mlango wa kutokea. Google Reader, programu ya milisho ya Google iliyokuwa ikitumiwa na karibu kila mtu niliyemjua katika kazi hii, ilianza mwaka 2005 na kuzimwa tarehe 1 Julai 2013. Kivinjari cha Firefox kiliondoa uwezo wake wa kusoma milisho mwishoni mwa 2018. Pocket, ambako wengi walikuwa wakihifadhi makala za kusoma baadaye, ilifungwa Julai 2025. Kinachokuokoa siku kama hiyo ni faili la OPML, yaani orodha ya milisho yako yote pamoja na folda zake, ambayo programu nyingine inaipokea kwa kubofya mara moja. Hili nililijua kwa kuumia. Nilikuwa na programu ndogo ya simu, nzuri kweli kwa macho, isiyokuwa na kitufe cha kutoa orodha. Simu ikaanguka, kioo kikafa, na milisho 90 ikaondoka nayo. Nilikaa wiki mbili nikijaribu kukumbuka. Mingine sijaikumbuka mpaka leo.

Kigezo cha pili ni wepesi wa kutupa usichokihitaji. Mkutubi hasumbuliwi na uhaba wa habari. Cha tatu: je, inafunguka kwenye kompyuta ya shule? Kompyuta nyingi za shule zimefungwa zisiwekewe programu mpya bila ruhusa ya mtu wa TEHAMA, kwa hiyo inayofanya kazi ndani ya kivinjari ina heri.

1. Inoreader

Hii ndiyo niliyo nayo sasa. Ilianzishwa Bulgaria mwaka 2013, mwaka uleule Google Reader ilipozimwa, na bado ina tabia za wakimbizi wa enzi ile: unabonyeza herufi j kushuka, k kupanda, na unapita vichwa 100 kabla mkono haujagusa kipanya. Akaunti ya bure inaruhusu milisho 150, ambayo kwa mkutubi mmoja ni tele. Ina matangazo, ndiyo, lakini hayasumbui sana.

Kilichoniteka ni kanuni. Unaiambia programu: kitu chochote kwenye folda ya Sayansi chenye neno fulani, kiwekee lebo. Mwalimu wa jiografia alinipitia Ijumaa akasema wiki inayofuata anaanza mada ya volkano, kama nina chochote kipya. Nikaandika kanuni ya neno hilo hapohapo, yeye akiwa bado amesimama kaunta. Jumatano lebo ilikuwa na vitu vitatu: makala mbili, na picha ya setilaiti ya wingu la majivu likielea juu ya bahari. Picha nikaichapa nikaibandika mlangoni. Watoto waliokuja kuazima hadithi waliondoka na vitabu vya volkano, na mwalimu akadhani mimi ni mchawi.

Ubaya wake: kanuni na vichujio, kwa sehemu kubwa, ni vya wanaolipia. Vivyo hivyo uwezo wa kutengeneza mlisho kutoka kwenye ukurasa usio na mlisho. Tena mipangilio ni mingi mno. Siku ya kwanza utapotea. Achana nayo, tumia folda tu mwezi mzima, kisha urudi.

2. NetNewsWire

Hii ni kwa mwenye vifaa vya Apple peke yake, na kama huna, ruka. Imetengenezwa na Brent Simmons, imekuwapo tangu 2002, ikazunguka mikononi mwa kampuni kadhaa, ikamrudia mwenyewe mwaka 2018. Ni bure kabisa, msimbo wake uko wazi, haina matangazo, haidai hata akaunti. Inaweza kuoanisha simu na kompyuta kupitia iCloud, au ikakaa juu ya akaunti yako ya Inoreader, Feedly au NewsBlur na kuwa sura nzuri zaidi ya kitu kilekile. Haina kanuni. Ingekuwa nazo, na ingekuwa inafunguka kwenye mashine za shule, isingekuwa namba mbili.

3. Thunderbird

Hapa nitabishiwa. Thunderbird ni programu ya baruapepe, wengi hawajui kwamba inasoma milisho. Unaongeza akaunti ya aina ya milisho, na kila tovuti inakuwa kama folda ya barua. Kwa shule ambayo intaneti inakuja na kuondoka, hii ni dawa: makala zinashuka kwenye kompyuta yenyewe mtandao unapokuwapo, nawe unasoma ukikatika. Haina kikomo cha idadi ya milisho, haina cha kulipia, na vichujio vya barua unavyovijua vinafanya kazi pia humo. Ila inabaki kwenye mashine ile moja. Uliyoyasoma kazini hayajasomwa nyumbani. Na sura yake ni ya ofisi, haifichi.

4. Feedly

Ndiyo maarufu kuliko zote, na ndiyo utakayopendekezewa na kila mtu. Ni nzuri kwa kuanzia: unaandika mada, inakuletea tovuti za kufuata, na sura yake inapendeza. Bure ni hadi vyanzo 100. Nimeishusha hadi nafasi ya nne kwa sababu moja. Miaka ya karibuni nguvu yake imehamia kwa kampuni kubwa zinazofuatilia masoko na vitisho vya usalama wa mtandao, na kila ukigeuka unakutana na mlango wa kulipia, hata kutafuta neno ndani ya milisho yako mwenyewe. Mkutubi anayetafuta makala aliyoisoma wiki jana ndiye hasa anayehitaji kutafuta.

5. NewsBlur

Unaifundisha. Kichwa, mwandishi au lebo, unakipa kidole cha juu au cha chini, na taratibu unavyovipenda vinapakwa kijani, usivyovitaka vinafichwa. Wazo zuri mno, ila bure ni tovuti 64 tu na macho yanachoka haraka na vitufe vyake. The Old Reader, ambayo bure ni 100, ni rahisi kuliko hii na haina la ziada la kusimulia.

FreshRSS na Miniflux ni programu za milisho zinazokaa kwenye seva yako mwenyewe. Kama shule ina fundi anayezipenda kazi hizo, FreshRSS inaweza kubeba akaunti za walimu wote bila kikomo cha mtu. Fundi akihama shule, nawe umehama.

Kulipa au kutolipa? Maliza muhula mmoja na akaunti ya bure kwanza. Kikomo cha milisho si adhabu. Nilipogonga 150 nilikuta zaidi ya thelathini kati yake nilikuwa naipita kila siku bila kufungua kitu. Nililipia kwa ajili ya kanuni, wala si nafasi, na kama huoni kanuni ya kuandika wiki hii, usilipe.

Chochote utakachochagua, kina thamani ya ulichokilisha. Tovuti nyingi zimeacha kuonyesha alama ya mlisho, ile ya rangi ya chungwa, lakini mlisho bado upo. Bandika anwani ya kawaida ya tovuti kwenye kisanduku cha kuongeza, programu itautafuta yenyewe. Ikishindwa, na tovuti ikawa imejengwa kwa WordPress, ongeza /feed mwishoni mwa anwani. Chaneli za YouTube zina milisho pia, kwa hiyo video za waandishi wakisoma kazi zao unazipata bila kuingia kwenye bahari ya mapendekezo. Na kama katalogi yenu ni ya Koha, mfumo wa kompyuta wa kuendeshea maktaba, tafuta somo lolote humo: matokeo yana mlisho wake. Nilimpa mwalimu wa historia mlisho wa somo lake, na sasa kila ninapoingiza kitabu kipya cha historia anajua bila mimi kumpigia simu. Anakuja kabla hata sijakibandika namba ya rafu, jambo ambalo nalo lina kero yake.

Ukishindwa kuamua kati ya mbili, weka milisho 20 ileile kwenye zote mbili kwa faili moja la OPML, uzitumie kwa zamu wiki mbili. Kisha toa faili hilo upya kila mwisho wa mwezi, ulihifadhi nje ya programu. La kwangu la mwezi huu lina milisho 87. Kumi na miwili kati yake haijatoa kitu tangu mwaka jana, na kesho asubuhi, darasa la kwanza likichelewa, naifuta.