Amplifaya nzuri, wauzaji wa kutia hasira: uzoefu wangu wa kuiunganisha na kompyuta

Nilipoijaribu amplifaya hii kwa mara ya kwanza pamoja na kicheza sidii changu cha zamani, sauti yake ilikuwa safi na yenye uzito, na laiti ningeandika maoni yangu wakati huo ningeisifu bila kusita. Balaa lilianza nilipoihamishia kwenye kompyuta. Nilichomeka waya katika tundu la kijani la kadi ya sauti, ambalo ndilo la kutolea sauti, nikapeleka ncha nyekundu na nyeupe kwenye matundu ya AUX nyuma ya amplifaya, na kabla sijafungua wimbo wowote spika zikaanza kunguruma. Juu ya mngurumo huo kulikuwa na mlio mwembamba uliobadilika kila niliposogeza kipanya.

Kijitabu cha maelekezo kinaonya kwamba kompyuta isichomekwe katika tundu la PHONO, na onyo hilo ni la haki, kwa kuwa tundu hilo limetengenezwa kukuza ishara dhaifu mno ya sindano ya gramafoni. Kuhusu mngurumo hakina hata neno moja.

Nilipochomoa chaja na kuiacha kompyuta itumie betri, kelele zote zilikatika papo hapo. Jambo hilo niliwaandikia walioniuzia waziwazi, kwa maana linaonyesha chanzo chenyewe: chaja na amplifaya zote zina plagi za pini tatu na tayari zimeungana kupitia waya wa ardhi wa nyumba, kisha waya wa sauti unaziunganisha tena kwa njia ya pili, hivyo mkondo mdogo wa umeme unazunguka humo na mvumo wake wa hezi 50, au 60 katika nchi nyingine, unakuzwa pamoja na muziki.

Aliyenipigia simu hakuwa amesoma barua yangu. Alinisikiliza kidogo, akanikatiza: “Kaka, kata ile pini ya ardhi ya amplifaya, kelele zitaisha.” Nilipomuuliza kama anaelewa anachonishauri, alicheka na kusema kwamba kila mtu hufanya hivyo, na kwamba kama naogopa umeme ningenunua redio ya betri. Kisha, bila kuona haya, akanishawishi ninunue kadi ya sauti ya nje wanayoiuza wao wenyewe. Nilikuwa nimekwisha kuazima kadi ya namna hiyo na mngurumo haukupungua hata chembe, kwa sababu waya wa USB nao unabeba ardhi ya kompyuta.

Pini ile haikuwekwa kwa urembo. Waya wenye umeme ukilegea ndani na kugusa bodi ya chuma, ni pini hiyo inayoupeleka umeme ardhini ili fyuzi ikatike. Ikikatwa, umeme unabaki ukimsubiri atakayeigusa bodi, au unatafuta njia kupitia waya wa sauti hadi kwenye kadi ya sauti. Mtu anayelipwa mshahara kuhudumia wateja ananiambia nifanye hivyo, tena kwa kicheko!

Dawa yenyewe ilikuwa kijisanduku kidogo kinachowekwa katikati ya waya wa sauti, chenye transfoma mbili ndani, moja kwa kila upande wa stirio, ambacho hupitisha muziki kwa nguvu ya sumaku bila ardhi ya kompyuta kugusana na ya amplifaya. Mngurumo umetoweka kabisa. Besi imepungua kidogo, kasoro inayojulikana ya transfoma ndogo, na ningeikwepa kama amplifaya ingekuwa na tundu la waya wa mwanga, ambao haupitishi umeme wowote.

Nilikusudia kutoa nyota nne, kwa kuwa chombo chenyewe hakina hatia na hata sasa kinapiga vizuri. Baada ya kukumbuka kile kicheko nikashusha hadi mbili. Kisha nikawaomba waniandikie ushauri wa kukata pini kwa maandishi, wenye jina la kampuni yao, na mpaka leo wamenyamaza. Basi ya pili nayo naiondoa, na hiyo moja iliyobaki ni ya amplifaya, si yao.