Filamu ya Rangi kwa Mwanga Hafifu: Ipi Inunuliwe Kwanza

Mnunuzi wa filamu ya rangi ya kupigia picha usiku au ndani ya nyumba huangalia kwanza nambari ya ISO kwenye kasha, na mara nyingi hukosea hapo hapo. Nambari hiyo hueleza wepesi wa filamu kupokea mwanga tu. Haielezi filamu ilitengenezewa mwanga wa rangi gani, wala vivuli vitakuwaje mwanga ukiwa hautoshi, ilhali mambo hayo mawili ndiyo yanayotofautisha picha nzuri ya usiku na picha yenye ukungu wa kahawia.

Kabla ya filamu, ni lazima kupiga hesabu ya lenzi. Sebule yenye taa za kawaida hupigika kwa ISO 800, lenzi ikiwa imefunguliwa hadi f/2 (nambari ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa) na shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, ikiwa 1/60 ya sekunde. Kwa ISO 400 shata hushuka hadi 1/30, ambapo mtikisiko wa mkono huanza kuonekana. Mwenye lenzi inayoishia f/4 atalazimika kutumia 1/15 hata akiwa na filamu ya 800, na kwa mtu huyo ningeshauri fedha iende kwanza kwenye lenzi ya milimita 50 inayofunguka hadi f/1.8.

Nafasi ya kwanza naipa Kodak Portra 800. Imetengenezewa mwanga wa mchana, lakini huvumilia mchanganyiko wa taa, dirisha na mabango ya dukani, na rangi ya ngozi hubaki ya kuaminika kwa watu weusi na weupe pia. Chembe zake, yaani vidoadoa vinavyoonekana kwenye picha, ni ndogo kwa filamu ya kasi hiyo. Vilevile hukubali kusukumwa, yaani kupigwa kana kwamba ni ya 1600 kisha kukaa muda mrefu zaidi kwenye dawa wakati wa kusafishwa. Hata hivyo, kusukuma huongeza ukali wa tofauti kati ya weusi na weupe. Hakurudishi kilichokuwamo ndani ya kivuli ambacho mwanga haukukifikia. Kwa sababu hiyo mimi huweka kipima mwanga kwenye 640, ili filamu ipate mwanga zaidi kidogo, kila hali inaporuhusu, kwa kuwa negativu ya rangi husamehe mwanga uliozidi kuliko uliopungua.

Udhaifu wa Portra hujitokeza chini ya balbu za manjano tupu. Mwanga wa namna hiyo una buluu kidogo mno, hivyo tabaka la filamu linalopokea buluu hubaki na njaa, na rangi zinaporekebishwa baadaye, vivuli hujaa chembe. Kichujio cha buluu hutibu tatizo hilo lakini hula hatua mbili za mwanga (kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu), na filamu ya 800 ikageuka kuwa ya 200, jambo linaloondoa maana yote ya kuinunua.

Hapo ndipo CineStill 800T, ya pili katika orodha yangu, huipiku ya kwanza. Asili yake ni filamu ya sinema ya Kodak, Vision3 500T, iliyosawazishwa kwa mwanga wa balbu na kuondolewa tabaka jeusi la kaboni la mgongoni ili isafishwe kwa dawa za kawaida za C-41. Tabaka hilo lilikuwa likizuia mwanga usirudi ndani ya filamu. Lilipoondolewa, kila taa kali ikapata duara jekundu pembeni yake. Wapo wanaoinunua kwa ajili ya wekundu huo. Kwa picha za mitaani za usiku wekundu huo unapendeza, lakini kwenye harusi yenye mishumaa mia moja unachosha upesi. Ikumbukwe pia kwamba filamu mama ni ya 500, kwa hiyo anayeipiga kwa 800 bila kuisukuma asishangae vivuli vikikosa undani na kujaa chembe.

Lomography Color Negative 800 ni ya tatu: rangi zake zimekolea, chembe zake huonekana wazi zaidi, na inawafaa wanaotaka uchangamfu kuliko usahihi. Ya nne ni Portra 400 iliyosukumwa hatua moja, chaguo la busara kwa mtu atakayepiga picha mchana na usiku katika safari moja, mradi akumbuke kwamba mkanda mzima husukumwa pamoja.

Ya mwisho ni Vision3 500T yenyewe, ambayo hadi mwaka 2025 ilitengenezwa ikiwa na tabaka lake jeusi. Ni filamu bora sana, lakini huhitaji dawa za ECN-2, ambazo ni za filamu za sinema, na mkanda wenye tabaka hilo ukiingizwa kwenye mashine ya kawaida huchafua dawa na mikanda ya wateja wengine. Asiye na maabara inayoipokea asiinunue.

Filamu ya kasi zaidi, Fuji Natura 1600, iliacha kutengenezwa, na mikanda inayouzwa leo imepitwa na wakati. Filamu za kasi huzeeka upesi kuliko za polepole, na jokofu halizuii mionzi ya asili inayozitia ukungu taratibu. Kwa hiyo tarehe ya kasha isomwe kabla ya kulipa, na mkanda upigwe na kusafishwa mapema. Uwanjani mwa ndege mikanda isiwekwe kamwe kwenye mzigo mkubwa, bali ibebwe mkononi na iombewe ukaguzi wa mkono, hasa penye mashine mpya za CT za kukagua mizigo kwa mionzi, ambazo zinaweza kuiharibu kwa kupita mara moja tu.