Dalali wa biashara: anamfaa mnunuzi kwa kiasi gani?

Kwa anayetaka kuingia kwenye ujasiriamali kwa kununua biashara ambayo tayari inatembea, dalali ana faida moja kubwa: anawafikia wauzaji wasiotangaza popote kwa kuhofia wafanyakazi na wateja wasije wakajua. Ukishatia saini ahadi ya kutunza siri, unapewa kabrasha la hesabu, mara nyingi za miaka 3, pamoja na orodha ya vifaa. Kwa kazi hii ya kukutanisha watu, huduma inastahili sifa.

Kwenye bei, usimtegemee. Kamisheni yake, ambayo kwa biashara ndogo mara nyingi hukaribia asilimia 10, hulipwa na muuzaji mauzo yakikamilika. Anza kwa kukagua pato la mmiliki: faida ya vitabuni, ukirudishia mshahara wa mmiliki, riba, uchakavu (thamani ya vifaa inayopunguzwa vitabuni kila mwaka) na gharama za mara moja. Tuseme, kwa milioni, 30 + 24 + 4 + 6 + 6 = 70. Biashara ndogo nyingi huuzwa kwa mara 2 hadi 3 ya pato hilo. Kwa mara 3, bei ni 210. Sasa fungua risiti za ile 6 ya mwisho. Kama mwaka huu ni paa, mwaka jana bomba na mwaka juzi jokofu, hiyo si gharama ya mara moja. Iondoe: pato ni 64 na bei inashuka hadi 192. Uchakavu nao usiurudishie kijuujuu. Mashine ikichoka, mpya utainunua wewe.

Katika 64, toa 24 za kukulisha, zinabaki 40. Ukinunua kwa mkopo, marejesho yasizidi 32 kwa mwaka, ili kila 1 unayodaiwa iwe na 1.25 ya kuilipia. Mwezi mmoja mbaya wa mauzo hautakuangusha.

Kabrasha pia huandaliwa kwa maelezo ya muuzaji, na dalali kwa kawaida hayahakiki. Lipa mhasibu wako mwenyewe alinganishe taarifa za benki za miezi 24 na daftari la mauzo, mwezi kwa mwezi. Mteja mmoja akibeba asilimia 30 ya mauzo, ongea naye kabla ya kulipa, muuzaji akiwepo. Mwanasheria naye aamue: ukinunua hisa unarithi madeni ya kampuni, kodi ikiwemo, ukinunua mali na jina, madeni mengi hubaki kwa muuzaji, lakini pango na leseni huenda vikahitaji kibali upya.

Udhaifu unaotukera zaidi ni makabidhiano, kwa sababu dalali akishapata chake huondoka. Dai mkataba useme muuzaji atakaa wiki ngapi kukufundisha, hatafungua biashara ya aina hiyo jirani kwa muda gani, na kwamba asilimia 10 hadi 20 ya bei atalipwa kidogo kidogo baadaye. Akikataa kabisa kipengele hicho cha mwisho, rudi kwenye taarifa za benki uzisome tena.