Bak kut teh: mahali pa kula supu ya mbavu za nguruwe Singapore na Klang, na namna ya kuagiza

Kama unapita Singapore na una nafasi ya mlo mmoja tu, nenda mgahawa wa Song Fa, namba 11 barabara ya New Bridge, ng'ambo ya barabara kutoka kituo cha treni cha Clarke Quay. Agiza mbavu ndefu, wali mweupe, youtiao (vijiti vya unga wa ngano vilivyokaangwa) na birika la chai. Kama safari yako inafika Kuala Lumpur, panda treni ya KTM, shirika la reli la Malaysia, asubuhi mapema hadi mji wa jirani wa Klang ukale supu ya huko. Nazitaja zote mbili kwa sababu jina ni moja, bak kut teh, lakini supu ni mbili zisizofanana hata rangi. Mtu aliyezoea ya Singapore akipewa ya Klang hudhani imeungua. Aliyezoea ya Klang akipewa ya Singapore huuliza viungo vimekwenda wapi.

Jina ni la Kihokkien, lugha ya Wachina wenye asili ya Fujian: bak ni nyama, kut ni mfupa, teh ni chai. Usitafute majani ya chai ndani ya bakuli, hayamo. Chai hunywewa pembeni, ili kukata mafuta. Ni chakula cha makuli na wafanyabiashara wadogo wa Kichina kwenye bandari za Malaya na Singapore, na mpaka leo kimebaki na sura ya mlo wa mtu wa kazi: bakuli, wali, kitu cha kuchovya, basi. Anayejua supu ya asubuhi na chapati pale Kariakoo ataelewa mara moja kwa nini inaliwa hivyo.

Nianze na ya Singapore, ambayo ni ya Wateochew, Wachina wenye asili ya mashariki mwa Guangdong. Mchuzi wake ni mwepesi, wa rangi ya mchanga au chai ya rangi iliyopauka, na viungo vyake ni viwili tu vya maana: vitunguu saumu vizima visivyomenywa na pilipili manga nyeupe, ambayo wapishi wengi hutaka iwe ya Sarawak, jimbo la Malaysia. Kwa kuwa viungo ni vichache hivyo, kosa halina pa kujificha. Mimi huipima hivi. Kabla ya kugusa sosi yoyote, kunywa vijiko vitatu vya supu peke yake. Kijiko cha kwanza kikupe utamu wa mfupa na kitunguu. Ukali wa pilipili uje baadaye, kooni, baada ya kumeza. Ukikuwasha kwenye ncha ya ulimi papo hapo, mara nyingi mpishi ametia pilipili ya unga mwishoni kuficha mchuzi mwembamba, na chini ya bakuli utakuta tope la unga. Ukiona mchuzi mweupe kama maji ya mchele, sufuria ilichemshwa kwa moto mkali: mafuta yamevunjika na kuchanganyika na maji, na ladha yake huwa nzito mdomoni.

Nyama nayo ina kipimo chake. Mbavu iliyoiva sawasawa huachia mfupa ukiivuta kwa meno, na mfupa hubaki safi. Ikidondoka yenyewe kwa kuguswa na kijiti, imekaa sufuriani kupita kiasi, na ukitafuna utakuta nyuzi kavu, kwa sababu utamu wote umekwenda kwenye supu. Watu wengi husifu nyama inayodondoka. Kwenye supu hii mimi sikubaliani nao.

Hapo ndipo suala la kipande linapoingia, na ndipo wageni wengi hukosea. Orodha ya vyakula huwa na mbavu za kawaida, pai gu, vipande vifupi vyenye mafuta na mishipa laini, na mbavu ndefu za sehemu ya mgongoni, ambazo Singapore huitwa long gu, mfupa wa joka. Hizo ndefu zina nyama nyingi isiyo na mafuta mengi, na bei yake ni juu kidogo. Ukija mara ya kwanza chukua ndefu. Ukishaizoea supu, rudi kwenye pai gu, kwa kuwa mafuta yake ndiyo yanayobeba harufu ya kitunguu saumu. Angalizo kwa waliokaa Guangzhou: huko ukisema long gu unapewa uti wa mgongo wa nguruwe, wenye mifupa mingi na nyama ya kuchokonoa. Neno ni hilo hilo, kitu ni kingine. Pale Singapore utakuta pia figo na maini. Figo hukatwa nyembamba na kuivishwa dakika chache tu ndani ya supu. Zikija ngumu kama mpira, zimechelewa kutolewa, na una haki ya kusema.

Kisahani cha sosi nyeusi ya soya chenye pilipili kichaa zilizokatwa ni cha nyama. Chovya mbavu humo, usiimimine kwenye supu. Sosi nyeusi ni tamu na nzito, na kijiko kimoja kinatosha kuua pilipili manga yote uliyoilipia.

Supu huongezwa bure kwenye maduka mengi ya aina hii, na wahudumu hupita na birika kubwa. Omba mapema, bakuli likiwa bado nusu na la moto, usisubiri limalizike. Saa ya kwenda ina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Saa 6 hadi 8 mchana foleni ni ndefu, sufuria hutolewa supu haraka na kuongezwa maji, na mchuzi unaweza kuwa umepoa ladha. Usiku sana, maji yamepungua na chumvi imepanda. Saa 5 asubuhi, au saa 9 hadi 11 alasiri, ndipo mimi huiona supu imetulia. Maduka mengi yana siku ya mapumziko katikati ya wiki au mwanzoni mwa wiki, kwa hiyo angalia kabla ya kutoka.

Song Fa ilianza mwaka 1969 kama mkokoteni barabara ya Johor, na imekuwa kwenye Bib Gourmand, orodha ya Michelin ya migahawa mizuri ya bei nafuu, tangu mwongozo wa kwanza wa Singapore mwaka 2016. Sasa ina matawi mengi, lakini kama unaweza kuchagua, kula lile la New Bridge. Sababu ya kuipendekeza kwa mgeni ni kwamba orodha ina picha, mzani wa pilipili ni wa kati, na mtu asiyejua neno la Kichina anaagiza bila shida. Ng Ah Sio ya barabara ya Rangoon ni ya wapenda ukali: pilipili yake inapanda mpaka puani, na mtu mwenye tumbo jepesi aanze na wali. Founder ya barabara ya Balestier, yenye kuta zilizojaa picha za watu maarufu, naiona laini zaidi, utamu wa nyama ukiwa mbele na pilipili nyuma. Ukiniuliza ipi ni bora, nitakuuliza kwanza unataka pilipili kiasi gani.

Kuhusu bei, bakuli la mbavu kwa kawaida ni kati ya dola 8 na 13 za Singapore kulingana na kipande. Juu yake kuna wali, na mahali pengine ada ya huduma ya 10% pamoja na kodi ya 9%. Karanga zilizochemshwa zinazowekwa mezani na taulo zenye unyevu hutozwa pia. Huzitaki, zirudishe bila kuzigusa.

Vya pembeni chukua viwili tu. Youtiao ni unga wa ngano uliokaangwa kwa mafuta mengi, hauna sukari, una matundu ndani. Uchovye sekunde mbili na ule. Ukiuacha ndani ya bakuli unakuwa uji. Cha pili ni majani ya haradali yaliyochachushwa, kiam chye, ambayo uchachu wake unausafisha mdomo kati ya mbavu na mbavu. Tofu iliyokaangwa ni nzuri kwa sababu inafyonza mchuzi kama sifongo, ila inakuja na moto wa ndani, ipasue kwanza.

Chai isirukwe. Maduka yanayoheshimu mila yanakuletea birika dogo, vikombe visivyozidi kidole gumba kwa kimo, na maji yanayochemka pembeni ya meza. Wasambazaji wa zamani kama Pek Sin Choon wa mtaa wa Mosque, waliopo tangu 1925, ndio wanaouzia maduka mengi ya bak kut teh. Chagua Tieguanyin kama unataka harufu ya maua, au Shui Xian kama unataka chai nzito iliyochomwa. Jaza majani theluthi moja ya birika, mimina maji ya moto na uyamwage mara moja ili kuosha majani na kupasha vikombe. Kisha mimina tena, hesabu mpaka 30, gawa yote. Ukiiacha ikae ndani ya birika inakuwa chungu, na watu husema chai ni mbaya. Majani hayo hayo yanakupa awamu 4 au 5, kila moja ikisubiri kidogo zaidi ya iliyotangulia.

Sasa Klang. Hii ni ya Wahokkien. Mchuzi ni mweusi au kahawia nzito kwa sosi ya soya, na ndani yake kuna mdalasini, karafuu, tunda la nyota linaloitwa bajiao, na mizizi ya dawa za Kichina kama dang gui na yu zhu. Dang gui inanukia sana na ina uchungu. Mpishi mzuri anaiacha isikike mwishoni tu, mbaya anakunywesha duka la dawa. Watu wa Klang huagiza kwa jina la kipande, si kwa ukubwa wa bakuli: pai kut ni mbavu, tua kut ni mfupa mkubwa wenye nyama, kah wan ni kongoro, sam chan ni nyama ya tumbo yenye matabaka. Wawili wakienda, waagize pai kut moja na kah wan moja, kwa sababu kongoro ndilo linaloipa supu ule ulaini unaonata midomoni.

Mahali: Seng Huat, chini ya daraja karibu na kituo cha treni cha Klang, ni pa kuanzia. Wali wake huja na mafuta ya vitunguu vilivyokaangwa, na harufu yake inatosha kuula mtupu. Teck Teh pia haiko mbali na kituo. Kutoka KL Sentral, kituo kikuu cha treni cha Kuala Lumpur, treni huchukua kama saa moja. Fika saa 2 au 3 asubuhi. Maduka ya zamani ya Klang hupika kiasi, yakiisha yanafunga, na ukifika mchana utapata mbavu za mwisho au mlango uliofungwa. Beba ringgit za taslimu. Mwezi Februari 2024 Malaysia iliiingiza bak kut teh kwenye orodha ya urithi wa taifa, na tangu hapo foleni za wikiendi hazipungui.

Utaona pia bak kut teh kavu, iliyopikwa mpaka mchuzi unang'ang'ania nyama, pamoja na bamia, pilipili kavu na ngisi mkavu. Ni tamu sana na wali. Ila hiyo ni rosti, usiifanye mlo wako wa kwanza halafu ukasema umeijua supu.

Kwa Waislamu, hakuna namna ya kuikwepa nyama ya nguruwe ndani ya maduka haya, vyombo ni hivyo hivyo. Malaysia kuna toleo la kuku, chik kut teh, lenye viungo vile vile, na baadhi ya maduka yanayoliuza yana cheti cha halali. Tafuta cheti ukutani, usiamini jina pekee. Mwenye jongo naye anywe kwa kiasi, mchuzi wa mifupa na viungo vya ndani una purini nyingi, kemikali inayochochea jongo.

Anayetaka kujaribu nyumbani aanze na ya Kiteochew, kwa kuwa haihitaji duka la dawa. Mbavu kilo 1, zikatwe vipande vya kidole. Ziweke kwenye maji baridi, zichemke dakika 5, mwaga maji yote na uoshe kila kipande mpaka damu iliyoganda itoke. Ukiruka hatua hii, supu itakuwa ya kijivu na yenye harufu. Rudisha kwenye lita 2.5 za maji ya moto, tia vichwa 2 vya vitunguu saumu na maganda yake, na gramu 25 za pilipili manga nyeupe. Pilipili hiyo ikaange kavu dakika 2, kwa sababu nyeupe hutokana na tunda lililolowekwa mpaka ganda likaoza, na harufu ya zizi hubaki. Ipondeponde tu, usiisage, uifunge kwenye kitambaa. Pilipili manga nyeusi inafaa ukikosa nyeupe, ila supu itakuwa na rangi nyingine na harufu ya mbao. Moto uwe mdogo, povu litokeze upande mmoja wa sufuria tu, dakika 75 hadi 90. Vitunguu vikimenywa vitayeyuka na kuifanya supu nzito. Chumvi, vijiko 2 vya chai, na kijiko 1 cha mezani cha sosi nyepesi ya soya, viingie dakika 15 za mwisho, maana maji yanapungua na chumvi ya mapema haiwezi kutolewa tena. Ikilala kwenye friji, ondoa mafuta yaliyoganda juu lakini bakisha kijiko kimoja, kisha ipashe bila kuichemsha.